Sentimita Nane Zangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Nitarefushwa miguu! Naandika haraka haraka, na si kwa hofu. Ni furaha tupu.

Chanzo ni kishikio cha kabati. Kampuni yetu inatengeneza majiko ya nyumbani, yaani makabati na kaunta za kupikia. Nyuma kuna karakana yenye vumbi na kelele. Mbele kuna duka lenye majiko ya mfano ambayo hayajawahi kuchemsha hata chai. Mimi ni mchoraji wa makabati. Nina shahada ya daraja la kwanza na kimo cha mtoto wa darasa la sita. Kazini wananiita Nukta.

Leo nimeitwa mbele kumweleza mteja. Nimeeleza vizuri sana: mbao, bawaba, jinsi mvuke unavyopita. Mteja akaomba nimfungulie kabati la juu. Nikanyoosha mkono. Nikasimama kwa ncha za vidole. Nikaruka, kidogo tu, kwa staha. Kishikio kikabaki kule juu kikinitazama. Ndipo akapita Mnara.

Mnara ni binti mwenzangu wa kazini. Anapanga bidhaa dukani. Yeye hafiki mahali, anawasili. Alipitisha mkono juu ya kichwa changu kama mtu anayezima taa, akafungua. Mteja akanipa kisogo, akamwuliza YEYE habari za bawaba. Mnara hajui lolote kuhusu bawaba! Akasema ni nzuri. Mteja akanunua jiko zima.

Saa ya chai Bosi akatangaza kwamba mwisho wa mwezi atachagua msimamizi wa duka la mbele. Alisema hivyo akimtazama Mnara. Ili anitazame mimi inabidi ainamishe shingo, na ana maumivu ya shingo.

Wote walipoondoka nilipima kwa futi pengo kati ya vidole vyangu na kile kishikio. Sentimita saba na nusu. Nusu nyingine nimeongeza kwa ajili ya heshima. Nane!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Asubuhi nzima nimejifanya nachora. Kumbe nasoma.

Jambo lenyewe lipo, na lina madaktari wake! Wanakata mfupa wa paja, wanaingiza chuma kinachojivuta chenyewe, kisha mfupa unavutwa milimita moja kwa siku na mwili unajaza pengo. Mwili unajaza pengo! Sikujua kwamba mwili wangu una tabia njema kiasi hicho.

Nikafika kwenye bei. Nikafunga kompyuta. Nikanywa maji. Nikaifungua tena. Bei ilikuwa pale pale. Akiba yangu ya shahada ya uzamili inatosha malipo ya awali, basi. Mama anaamini kwamba mwezi wa tisa narudi chuo. Sijamdanganya. Chuo hakina miguu, hakitakimbia.

Nimepata daktari wa kwanza: Daktari wa Picha. Ana picha mia za kabla na baada. Bwana mmoja, kabla, kichwa kiko chini ya swichi ya taa. Baada, kiko juu! Machozi yalinilenga. Nikamtazama bwana yule kama ndugu.

Halafu jicho la kazi likaamka. Kitasa cha mlango. Kwa kawaida sisi huweka kitasa mita moja kutoka sakafuni. Katika picha ya kwanza kinamfika bwana yule kiunoni. Katika ya pili kinamfika katikati ya paja, na swichi nayo imeteremka pamoja nacho. Nikapiga hesabu. Ama bwana amekuwa jitu, ama chumba kizima kimefupishwa.

Nilimwandikia daktari kwa adabu kumwuliza kuhusu mlango. Akanijibu kwa vikaragosi: mikono ya shukrani, moto, mguu. Kisha akauliza nalipa lini.

Hapana. Lakini sijavunjika moyo. Mtu anayeweza kufupisha mlango vizuri namna ile ana kipaji, amekosa mwongozo tu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wazo! Kabla ya mwili kurefuka, macho yazoee. Sitaki siku hiyo ikifika nipate kizunguzungu.

Nimekwenda kwa fundi viatu. Nikamwomba buti zenye unene wa ndani, wa siri, wa sentimita nane. Kwa nje zionekane kawaida. Akaniuliza ni za mchezo wa kuigiza? Nikasema ni za utafiti. Akasema mabinti waliosoma ndio wanaompa kazi za ajabu kuliko wote, na akataka malipo kabla ya kuanza.

Nimezivaa kurudi nyumbani. Ulimwengu umebadilika! Nimeona juu ya jokofu letu kwa mara ya kwanza. Kuna vumbi, na kuna kijiko nilichosingiziwa kukipoteza mwaka juzi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hakuna aliyeona.

Narudia: sentimita nane, usiku mmoja, na hakuna aliyeona! Mama ameniuliza kama nimenyoa nywele. Mlinzi wa getini amesema nimenenepa, hongera. Bosi ameniuliza kama nimepona. Sikuwa nimeumwa.

Mnara peke yake alinitazama muda mrefu. Akatazama buti. Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake kufuta vioo. Wivu, bila shaka.

Nimetafakari jambo hili kwa kina. Mtu mwingine angesema: kama hawaoni, basi kimo hakina maana. Huo ni uvivu wa kufikiri. Maana yake ni kwamba nane ni chache. Pengine kumi na mbili.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Hospitalini, kwa bingwa wa mifupa. Kwa mara ya kwanza maishani miguu yangu iligusa sakafu ya chumba cha kusubiri. Nilikaa pale kama malkia.

Mlango ukafunguliwa. Bingwa ni mfupi! Si mfupi wa kawaida, mfupi mwenzangu. Koti lake jeupe linakaribia kufagia.

Alinivua buti kwanza. Akachungulia ndani yake kama mtu aliyeangusha ufunguo kisimani. Akauliza nimekuja kurefushwa au nimeshatoka. Kisha akanieleza kila kitu, na alikuwa na sauti ya upole, jambo lililoniudhi zaidi. Maumivu. Miezi ya magongo. Misuli inayogoma kufuata mfupa. Mfupa unaogoma kuungana. Kujifunza upya kutembea. Alisema yeye hufanya kazi hiyo kwa waliozaliwa na miguu isiyolingana, au walioumizwa na ajali. Kwa mtu kama mimi, mwenye miguu miwili mizima, hatagusa kisu mpaka nikae na mshauri, tena nifikiri mwaka mzima.

Mwaka! Uteuzi ni mwisho wa mwezi!

Akauliza hizo sentimita nane nazitaka za nini hasa. Nikamwambia kuhusu kishikio. Akauliza kama kazini kwetu hakuna kigoda.

Kigoda! Mtu nina shahada!

Nikamwuliza, kwa heshima zote, kwa nini yeye mwenye vifaa vyote chumbani hajajirefusha mwenyewe. Alicheka mpaka nesi akafungua mlango kuangalia kuna nini. Akasema wagonjwa wake wote wanamjia wakiwa wamelala, hajawahi kukutana na mrefu kuliko yeye.

Wakati navaa buti aliendelea kuongea. Eti mguu mmoja ukizidi mwingine, mara nyingi ni nafuu kuufupisha mrefu kuliko kuuvuta mfupi. Kufupisha ni kazi nyepesi zaidi. Habari isiyonihusu hata chembe. Nimeiandika kwa sababu nina tabia ya kuandika kila kitu.

Daktari Mfupi: nimemkata kwenye orodha. Siwezi kupelekwa safari na mtu ambaye mwenyewe hajawahi kufika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shangazi amekuja kula mchana. Anauza mapazia na ana pesa. Nikajifunga kibwebwe.

Nikamwambia nina mradi wa muda mrefu unaohitaji mtaji. Akauliza unaleta nini. Nikasema utaniinua. Akaweka kijiko chini, akauliza ni mwanamume? Nikasema siyo, Shangazi. Akauliza ana kimo gani. Nikasema Shangazi, hakuna mwanamume! Akamwambia Mama kwamba nikikana hivyo basi ni mrefu.

Hapo akaanza habari za marehemu Bibi, ambaye alikuwa mfupi kuliko mimi na aliolewa mara tatu, zote na watu warefu, na wote aliwazika yeye. Urefu haukuwasaidia kitu, akasema Shangazi, tena jeneza lilikuwa gharama.

Pesa sikupata. Nimepata mapazia ya chumbani. Ni marefu mno kwa dirisha langu. Ishara njema!

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimempata! Nimempata! Nimempata!

Yuko nchi nyingine, katika hospitali binafsi yenye chemchemi mlangoni. Tumezungumza kwa video. Nilijificha stoo kati ya mbao na makopo ya gundi. Sauti yake nzito, meno yake meupe. Hakutaja magongo hata mara moja. Alizungumza juu ya ndoto. Nikamwuliza kuhusu kumi na mbili badala ya nane. Akasema ndoto hazina dari. Sisi tunaopima vyumba tunajua ni watu wachache wenye ujasiri wa kutamka maneno hayo.

Lakini sikukurupuka. Nilimwomba asimame.

Akauliza kwa nini. Nikasema ni sababu za kitaalamu. Akainuka kutoka kitini, na kichwa chake kikatoka nje ya picha! Halafu shingo. Nikabaki nazungumza na tai. Huyu ndiye! Mtu mrefu anajua tunakokwenda, maana anakaa huko.

Katibu wake ameniandikia baadaye. Kitanda kinashikwa kwa ajili yangu mpaka Jumatatu ya tarehe 24, malipo ya awali yakiingia. Nitalipa Ijumaa ya tarehe 21, mshahara ukishatoka. Naona kama nimeshaanza kukua. Kola ya blauzi inanibana.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo nimesimama kwa niaba.

Ni desturi ya karakana yetu. Kabla ya kukata mbao, jiko zima linajengwa kwanza kwa maboksi sakafuni, na mwenye jiko anakuja kusimama ndani yake. Anajifanya anakata kitunguu. Anajifanya anaosha sahani. Fundi Mkuu anachora alama kiwiko kinapofika, na hiyo ndiyo inakuwa kaunta. Mwenye jiko asipoweza kuja, anatafutwa mfanyakazi wa kimo chake asimame kwa niaba yake.

Jiko ni la mama mmoja mfamasia. Hawezi kuacha duka la dawa. Ana kimo changu kamili. Siku ya kwanza tulipoonana tulipimana kwa macho kimyakimya, kama wafupi wote wanavyofanya. Kwa hiyo nikaitwa mimi.

Fundi Mkuu akaniambia binti, vua viatu. Nikasema Fundi, sakafu ya saruji ni baridi na nina mafua. Nikapiga chafya kama ushahidi. Akasema haya basi, simama tumalize.

Nimekata kitunguu cha hewa. Nimeosha sahani za hewa. Nimefungua makabati ya juu, na vishikio vyote vilinifika! Jiko zima liliinuka kuja kunilaki. Sijawahi kusimama mahali palipokuwa pangu namna ile. Fundi Mkuu akachora alama zote, mimi nikatia saini.

Na ukweli ni kwamba buti sikuzikumbuka hata kidogo. Mafua nilisingizia kwa aibu ya kuonwa siri yangu, na dakika ile ile nikasahau siri yenyewe. Mazoezi ya macho yamefaulu kupita matarajio!

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Wiki nzima sikuandika, kwa raha. Leo naandika kwa taabu.

Jiko la Mfamasia lilifungwa nyumbani kwake jana. Leo alfajiri akampigia Bosi simu. Tukaenda wote: Bosi, Fundi Mkuu, Mnara wa kubeba sampuli, na mimi.

Mfamasia alikuwa amesimama mbele ya kaunta yake mpya akijaribu kukata nyanya. Kaunta ilimkaribia kifuani. Viwiko vyake vilikuwa vimenyanyuka huku na huku kama kuku anayetaka kuruka. Nyanya ikamtoroka. Alipotaka kufungua kabati la juu akanyoosha mkono, akasimama kwa ncha za vidole, akaruka. Kidogo tu, kwa staha.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema amejengewa baa. Kisha akasema taratibu kwamba tangu aolewe amepika kwenye majiko ya watu: la mama mkwe, la nyumba ya kupanga, la nyumba nyingine ya kupanga. Kote huko alisimama juu ya debe. Amedunduliza miaka yote hiyo ili kwa mara moja tu jiko limfikie yeye.

Bosi akauliza nani alisimama kwa niaba. Fundi Mkuu akasema ni Nukta. Haiwezekani, akasema Bosi, hawa wana kimo kimoja. Wakatuweka bega kwa bega. Bega langu lilikuwa juu ya lake. Bosi akatazama chini, polepole, licha ya shingo yake, akasema vua.

Nikavua. Nikashuka. Mbele za watu, juu ya sakafu mpya ya mama wa watu, nikashuka sentimita nane kama lifti. Mfamasia akanitazama, tukalingana macho, na nikaona amenielewa kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Mnara aliangalia dari kwa adabu. Kwake si mbali.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Bosi ametoa hukumu. Vigae vya ukutani vilishatobolewa kwa ajili ya makabati ya juu, vyote vinunuliwe upya, na siku za mafundi zilipwe. Nani alipe? Aliyevaa buti. Nikikataa, nirudishe ufunguo wa ofisi.

Saa nne nilikuwa benki. Malipo ya awali ya miguu yangu yameingia kwenye duka la vigae. Vya rangi ya maziwa, vyenye mistari. Vizuri, lazima nikiri.

Kwa hiyo nimelipia sentimita nane, siku ile ile niliyopanga. Ila ni za makabati.

Nimemwandikia katibu wa Daktari Mrefu nikimsihi anishikie kitanda mwezi mmoja zaidi. Akajibu ndani ya dakika chache: kitanda kimepata mtu, ananitakia ndoto njema.

Nimekunja mapazia ya Shangazi mara tatu, bado yanaburuta sakafuni.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Leo Fundi Mkuu amekata miguu ya makabati kule kule jikoni kwa Mfamasia. Alichora mstari, akawasha msumeno, na kabla ya chai makabati yote ya chini yalikuwa yameshuka. Nikamwuliza ingekuwaje kama yangekuwa mafupi na tunataka kuyarefusha. Akanitazama kama nimemwomba arudishe yai ndani ya ganda lake. Akasema binti, kukata ni kukata tu. Kuunga ndiko kunakomzeesha fundi.

Vipande vilivyokatwa vilikuwa vimetapakaa sakafuni, vyote vya sentimita nane. Karakana yetu haitupi kipande. Ni sheria ya Bosi. Vinatengenezwa vibao vya kukatia, miguu ya stuli, vishikio. Mnara akaviokota vyote, akavikumbatia kama kuni, akaondoka navyo.

Mfamasia akaitwa ajaribu. Akaleta nyanya. Akaikata yote, vipande vyembamba, mabega yametulia. Kisha akalaza viganja vyote viwili juu ya kaunta na akakaa hivyo. Akatugawia nyanya kwenye sahani, na mimi akanipa ya kwanza.

Nimekula nyanya ile nikiwa na uchungu wote wa dunia. Ilikuwa tamu.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Jambo la ajabu limetokea.

Nilikwenda stoo kutafuta gundi nikamkuta Mnara amekaa chini, miguu yake imefika ukuta wa pili, anapiga msasa. Mbele yake kuna kigoda. Amekitengeneza kwa vile vipande vya miguu ya makabati, ameviunga vizuri, hata misumari haionekani. Akanisukumia. Akasema ni changu.

Nikakigeuza chini juu kukitazama.

Akasema alizijua buti tangu siku ya kwanza. Hakusema kwa sababu yeye shuleni alitembea ameinama miaka mingi ili alingane na wenzake, na mpaka leo mgongo unamkumbusha. Akasema mimi naona anapewa heshima, lakini je, nimewahi kumsikia mtu akimwuliza anafikiri nini? Kazini anaitwa kushusha vitu. Nyumbani anaitwa kubadilisha balbu na kutundika mapazia. Harusini anawekwa nyuma kabisa ya picha, na bado wanamwambia apige magoti. Akipata gauni, kwake linakuwa fupi kama la mtoto. Yule mteja alipomwuliza kuhusu bawaba alitetemeka, akasema ni nzuri kwa sababu ndilo neno la kwanza lililomjia. Anachotaka yeye ni meza ya kuchorea. Akae chini, basi, kama watu wengine.

Akasema ingekuwa inawezekana angenipa hizo sentimita nane hata leo, na kunishukuru juu.

Nililia kidogo. Nikamweleza yote, mpaka Daktari Mrefu na tai yake. Akauliza kompyuta ya daktari ilikuwa wapi. Nikasema mezani, mbele yake. Akafikiri. Akasema mbona kwa namna hiyo hata mimi Nukta nikisimama kichwa kitatoka nje ya picha.

Mimi, niliyegundua ule mlango!

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Bosi alitukusanya dukani. Akamtangaza Mnara kuwa msimamizi.

Mnara akasimama, jambo ambalo huchukua muda. Akasema ahsante Bosi, lakini hataki. Anataka kuchora. Akasema anayejua bawaba, mbao na mvuke ni Nukta, na sauti yake ilitetemeka mpaka vikombe vya maonyesho vikalia.

Bosi alikuna kichwa. Akasema ana uhakika wa jambo moja tu maishani, kwamba maadamu yeye yu hai Nukta hatashika tena futi katika kampuni hii. Kwa hiyo pengine ni kweli, anifunge huku mbele ambako hakuna cha kupimwa. Akaninyang'anya futi yangu papo hapo, akampa Mnara.

Nimepanda cheo! Kwa kimo changu kile kile!

Mteja wa kwanza alikuja mchana. Akaomba kabati la juu. Nikakivuta kigoda kwa mguu, kwa madaha, kama mtu anayesogeza kiti cha enzi. Nikapanda. Nikafungua. Nikaeleza bawaba kutoka juu kule. Amenunua jiko na ameuliza vigoda kama kile vinauzwa wapi.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Nimekaa chumbani kuutafakari mwezi huu. Nimejifunza mengi. Nimekuwa mtu mwingine.

Daktari Mfupi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Sitaki tena kukatwa paja na kuvutwa milimita kwa milimita. Sitaki magongo. Sitaki madaktari wenye chemchemi. Nina cheo, nina rafiki, nina kigoda. Nimemaliza! Nimeandika neno hilo na kulipigia mstari.

Nikapanda juu ya kigoda nijitazame kwenye kioo. Nimependeza. Nikaangalia chini, miguu yangu, na chini ya miguu yangu, kigoda. Nikajiuliza, hivi nimesimama juu ya nini hasa?

Juu ya miguu ya makabati! Kule ilizidi, ikakatwa. Hapa imepungua, ikaunganishwa. Haikuhitajika mbao mpya hata moja.

Nikashika ukuta.

Kufupisha ni kazi nyepesi: daktari alitamka mwenyewe, na bahati nzuri niliandika. Mnara angenipa leo na kunishukuru juu: alitamka mwenyewe. Kwa nini basi mfupa wangu ulazimishwe kuota upya, wakati mfupa wa Mnara uko tayari, umekomaa, una tabia njema, na mwenyewe unamsumbua? Hata mgongo wake utapona! Hii si tamaa tena. Ni huruma.

Nimemwandikia Daktari Mfupi kuomba nafasi ya watu wawili. Nimemwuliza kama kuna punguzo tukija pamoja, na kama kipande kinaunganishwa moja kwa moja au kinapigwa msasa kwanza. Nimemweleza pia kwamba kwetu hatutupi kipande.

Mnara sijamwambia bado. Nataka iwe zawadi. Kesho nitamkadiria mapaja kwa macho, maana futi nimenyang'anywa.